Madaktari Watatu na Maziwa Yaliyopanda

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya wanyama kusema, nasema zamani hii ya karibu ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshazaliwa, alikuwapo mwanamke mmoja upande wa Magu, jina lake Milembe. Milembe alikuwa fundi cherehani. Mume wake alifanya kazi mbali, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, kwa hiyo nyumbani alikaa na mama mkwe wake, Bibi Nyamizi. Na alikuwa na mtoto wa kiume, Ngassa, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili. Mtoto huyo alikuwa anakohoa.

Sikilizeni kikohozi chenyewe kilivyokuwa. Hakikuwa kile cha mafua, kinachokuja na kwenda zake. Ngassa akilala, anakohoa. Akishiba, anakohoa. Homa inapanda, mbavu zinabonyea, Milembe anambeba mgongoni mpaka zahanati, anaambiwa ni nimonia, mtoto anachomwa sindano, anapona. Mwezi haujaisha, nimonia imerudi. Wakasema ni pumu, akapewa dawa ya kuvuta, akakohoa. Wakasema labda ni kifua kikuu, akanywa dawa mpaka mkojo ukabadilika rangi, akakohoa. Milembe alimshonea nguo alipotimiza mwaka mmoja, na sasa anakaribia wa pili nguo zilezile zilikuwa bado zinamtosha. Fundi cherehani haambiwi na mtu kwamba mtoto hakui. Anaona kwenye mshono.

Bibi Nyamizi alikuwa na jibu lake. Alisema, "Mtoto ana kimeo. Hicho kinyama cha kwenye koo kimerefuka, ndicho kinachomkereketa. Akatwe, atapona."

Alikuwapo mtu wa vimeo kijiji cha pili, mwenye kisu chake na unga wake wa mizizi, na watu walimwendea. Lakini Milembe alikuwa amemwona mtoto wa jirani aliyepelekwa kwa mtu huyo. Alitoka damu tangu asubuhi, na jua lilipotua walikuwa wanamchimbia kaburi. Tangu siku ile kila mama mkwe wake alipotaja kimeo, Milembe aliinamia cherehani asijibu.

Siku moja zahanati ikawaandikia waende hospitali kubwa ya rufaa mjini. Bibi Nyamizi akasema, "Sawa, twende. Na mimi nakwenda. Lakini hospitali hii ndiyo ya mwisho, mama Ngassa. Wakisema hawaoni kitu, unanipa mjukuu wangu, nami nampeleka ninapojua."

"Sawa, mayu," akasema Milembe, kwa maana ndivyo wanavyomwita mama kwao. Alisema sawa kwa sababu alikuwa amechoka, na kwa sababu alikuwa ana mimba kubwa, na kwa sababu hakuwa na neno lingine la kumjibu mtu ambaye naye alikuwa anampenda mtoto.

Basi wakafika. Kwenye hospitali ile kulikuwa na chumba cha picha, na kwenye chumba kile walikuwapo madaktari watatu, wote wanawake, na kazi yao ilikuwa moja: kusoma picha. Kazi moja, lakini kila mmoja alisoma kwa njia yake.

Mkubwa wao alikuwa Daktari Bhoke, Mkurya, mrefu, mwenye maneno machache. Bhoke alisoma kwa jicho. Alizima taa, akafunga mlango, akaketi mbele ya kioo cha kompyuta na kutazama picha moja, kisha inayofuata, kisha inayofuata, na hakuna aliyethubutu kumsemesha mpaka amalize.

Wa pili alikuwa Daktari Sekela, wa kutoka Rungwe. Sekela hakuliamini jicho. Alisema jicho linachoka, na likishaambiwa mtoto ni mgonjwa, linaanza kuona ugonjwa hata mahali usipokuwapo. Yeye aliiachia kompyuta ihesabu. Alichora kisanduku mahali anapotaka kujua, kompyuta ikahesabu mwanga uliomo ndani ya kisanduku tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, ikamchorea mstari. Mwanga ukizidi, mstari unainuka kama kilima.

Wa tatu alikuwa Daktari Kokushubira, Mhaya, ambaye wote walimwita Koku. Ndiye aliyekuwa mdogo, na ndiye aliyecheka haraka. Koku alikata utepe mwembamba kutoka kwenye kila picha, akapanga tepe zote ubavu kwa ubavu, mpaka saa nzima ya picha ikawa picha moja tu. Milembe alipokuja kuiona baadaye aliielewa mara moja, kwa sababu hata yeye aliunga vipande vya vitambaa vikawa shuka.

Daktari Bhoke ndiye aliyewapokea. Akamwambia Milembe, "Mtoto atakunywa maziwa. Ndani ya maziwa tunatia dawa kidogo inayotoa mwanga. Wewe na mimi hatuuoni, ila mashine inauona. Atalala chini ya mashine kwa saa moja, nayo itampiga picha mfululizo. Maziwa yakitulia tumboni, tutaona. Yakipanda juu, tutaona."

"Lakini Daktari, huyu hacheui," akasema Milembe. "Angekuwa anacheua ningejua. Nguo zake hazina hata alama."

"Kuna kucheua kunakotoka mdomoni, mama, na kuna kunakoishia njiani na kurudi chini. Huko kwa pili mama hakuoni." Kisha akamtazama tumbo. "Wewe huingii. Dawa ile ni kidogo na haitamdhuru huyu, lakini aliye tumboni hatumjaribu. Nani atamshika mtoto?"

"Mimi," akasema Bibi Nyamizi, na alikuwa ameshavua viatu.

Hapo Milembe akaona mwanawe anaondoka mikononi mwake kuingia kwenye chumba ambacho yeye hawezi kuingia, akiwa mikononi mwa mtu ambaye kesho yake anaweza kumpeleka kwenye kisu. Akasema neno ambalo hakuwa amelipanga. Wale madaktari watatu walikuwapo wote, na mama mkwe wake alikuwapo.

Akasema, "Baba yake ameniachia mimi jina la huyu aliye tumboni. Basi nasema, akiwa wa kike atabeba jina la yule kati yenu atakayejua mwanangu ana nini."

Koku akatabasamu. Sekela akainamisha kichwa. Bhoke akasema, "Tufanye kazi kwanza, mama," akafunga mlango.

Milembe akasimama nyuma ya dirisha la kioo. Alimwona Ngassa akinywa maziwa mpaka akamaliza. Alimwona akilazwa. Kisha alimwona akifurukuta. Anatulia, anafurukuta, anatulia, anajinyonga kiuno kama anayetaka kupinduka, na Bibi Nyamizi amemwinamia, amemshika mabega, anamnong'oneza sikioni maneno ambayo hayakupita kioo. Saa nzima bibi yule hakunyoosha mgongo.

Ilipokwisha, Koku akatoka nje. "Ingieni wote. Daktari Bhoke hasomi picha za mtoto mama yake akiwa amekaa koridoni."

Wakaingia chumba cha kusomea picha, mtoto begani kwa bibi. Sekela alikuwa wa kwanza kusema. Akawaonyesha mstari wake, na mstari ulikuwa na vilima kama meno ya msumeno.

"Kisanduku nimekichora kwenye umio, mrija unaoshusha chakula," akasema. "Maziwa yakishapita kwenda tumboni, hapa panatakiwa pawe giza. Sasa tazameni. Hapa yamepanda. Na hapa. Na hapa tena. Mtoto huyu anacheua kutwa nzima, na kwa maoni yangu nimonia zake zinatoka huko. Aende kwa daktari wa upasuaji, akazwe mlango wa tumbo."

Milembe akasogea karibu na kioo. Katika safari zake zote za zahanati, huyo alikuwa mtu wa kwanza kumwonyesha kwa kidole mahali penyewe.

Daktari Bhoke akageuza kiti. "Nimetazama picha zote, moja moja. Nimeona maziwa yakipanda mara moja tu. Mara moja si ugonjwa. Watoto wengi wazima wanafanya hivyo."

"Na vilima hivi?"

"Mtoto amefurukuta. Tumbo limejaa maziwa yenye mwanga. Akijinyonga, tumbo linaingia kwenye kisanduku chako, na kompyuta inahesabu mwanga wa tumbo ikidhani ni wa umio. Bibi, alifurukuta?"

"Alifurukuta sana," akasema Bibi Nyamizi. "Mikono yangu imekufa ganzi."

Sekela akautazama mstari wake tena, lakini mstari hauwezi kukuambia kama ni maziwa yaliyopanda au ni mtoto aliyesogea. Kwake vyote ni vilima.

"Simpeleki mtoto kwenye kisu kwa ajili ya mstari," akasema Bhoke, na hakusema kwa ubaya.

Bibi Nyamizi akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Basi tumesikia. Hawaoni kitu. Mama Ngassa, twende."

Milembe hakusimama. Alikuwa ameahidi, lakini alibaki kitini. Akawa anautazama ule mstari wa Sekela kana kwamba akiutazama sana utasema jambo jingine.

"Bibi, kaa kidogo," akasema Koku. "Mimi sijasema."

Bibi akamtazama msichana yule aliyekuwa na umri wa binti yake wa mwisho. Akakaa.

Koku akafungua picha yake, ile moja iliyoshonwa kwa tepe nyingi. Chini kulikuwa na mkanda mpana mweupe unaokwenda kutoka mwanzo wa saa hadi mwisho. "Huu mweupe ni tumbo," akasema. "Juu yake, hapa peusi, ndipo umio ulipo. Sasa tazameni hapa. Mkanda wote umeruka juu, kisha umerudi. Kila kitu kimeruka pamoja. Huyo ni Ngassa anafurukuta, na hapo Daktari Bhoke amesema kweli." Akasogeza kidole. "Na hapa? Mkanda umenyooka, tumbo halikusogea hata kidogo, lakini kwenye weusi umechomoza mwanga mwembamba. Mtoto ametulia tuli, na kitu kimepanda. Hicho ni nini kama si maziwa? Na hapa pia. Na hapa."

Akapita nayo tangu mwanzo hadi mwisho. Karibu nusu ya vilima vya Sekela vilikuwa kufurukuta. Nusu iliyobaki ilikuwa maziwa.

Daktari Bhoke akasogeza kiti karibu na kioo, akatazama kwa muda mrefu. Akarudi kwenye picha zake, akatafuta dakika ile ile, akatazama tena. Kisha akasema, "Vipo. Vidogo, tena vifupi. Nilivipita."

Milembe hakulisahau neno lile. Alikuwa amewaona wakubwa wengi maishani mwake, lakini hakuwahi kumsikia mkubwa akisema "nilivipita" mbele ya wadogo zake na mbele ya wageni, sauti yake isibadilike.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Koku alisema, "Yanapanda mara nyingi, hilo limekwisha. Ila mengi yanaishia chini, karibu na tumbo. Ya namna hii huwa tunatoa dawa, mtoto alazwe kichwa juu, arudi baada ya miezi sita."

"Miezi sita," akasema Sekela. "Na nimonia zitamngoja?"

"Sekela, mimi naona yanapanda. Sioni yanafika kwenye mapafu. Wewe unayaona?"

Sekela hakuyaona. Mstari wake ulikuwa wa umio tu.

"Dawa," akasema Bibi Nyamizi taratibu, kama anayeonja neno. "Dawa amekunywa huyu tangu azaliwe."

Daktari Bhoke hakuwa anawasikiliza. Alikuwa amerudi kwenye ile picha moja, ile mara moja aliyoiona kwa jicho tangu mwanzo. Akasema, "Hii yangu haikuishia chini. Hii ilifika kooni. Nataka kujua iliporudi ilishukia wapi." Akageuka. "Bibi, mtoto asile. Mchana namrudisha chini ya mashine, na safari hii sitazami tumbo. Natazama kifua."

Mchana Ngassa alikuwa amelala begani kwa bibi yake, akalazwa chini ya mashine hivyo hivyo na usingizi wake, asifurukute. Picha ikatoka, nyeusi karibu yote. Sekela akachora kisanduku kwenye kifua, kompyuta ikahesabu kidogo sana, mstari ukalala chali. Koku hakuwa na cha kuunga, picha ilikuwa moja. Bhoke akazima taa.

Wakakaa gizani, Milembe mbali kidogo karibu na mlango. Milembe akasikia pumzi ya mama mkwe wake na pumzi ya mwanawe yenye mkwaruzo. Hatimaye Bhoke akanyoosha kalamu, akagusa kioo kwa kifuniko chake. Upande wa kulia wa kifua kulikuwa na nukta. Ilikuwa hafifu kiasi kwamba ukiitazama moja kwa moja inapotea, ukitazama pembeni yake inarudi.

"Inaweza kuwa tone la maziwa kwenye nguo," akasema Sekela, na alikuwa na haki ya kuuliza.

"Inaweza," akasema Bhoke. Akamvua mtoto nguo, akamfuta kifua kwa maji, akampiga picha upya. Nukta ipo. Akamgeuza, akampiga picha kwa ubavu. Nukta ipo, na ipo ndani.

"Ni maziwa," akasema. "Yako kwenye pafu."

Ndipo Milembe akauliza, "Kwa hiyo mwanangu amekuwa anazama?"

"Kidogo kidogo, mama. Kila siku kidogo."

Milembe akalia. Alilia kwa uchungu na alilia kwa nafuu, na hata yeye hakuweza kuvitenga. Bibi Nyamizi hakulia. Alimchukua mjukuu wake, akamweka wima begani, kichwa juu, na tangu saa ile hakumlaza chali mpaka siku ya upasuaji.

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mgumu. Aliuliza kama kweli yanapanda au ni mtoto kusogea, na Koku akamwonyesha. Akauliza yanapanda mara ngapi, na Sekela akamwonyesha. Akauliza yanadhuru nini, na Bhoke akamwonyesha nukta. Baadaye alimwambia Milembe kwamba mtoto mdogo namna ile hamgusi kwa kisu mpaka maswali yake yote yajibiwe.

Ngassa akapasuliwa, mlango wa tumbo ukakazwa, akakaa wodini, Milembe akilala kwenye mkeka chini ya kitanda na tumbo lake. Wakarudi nyumbani. Zikaja mvua, na mvua kwao ndizo zinazoleta vikohozi, watoto wa mtaa mzima wakakohoa. Ngassa akapata mafua siku mbili tatu, akapona kama wenzake. Nguo zikaanza kumbana. Akaanza kukimbiza kuku. Bibi Nyamizi hakutaja kimeo tena, na mtu wa vimeo alipopita siku moja akauliza habari za mtoto, bibi alimjibu kwamba mtoto anacheza, akaendelea kupepeta mpunga.

Milembe akajifungua. Mtoto wa kike.

Baba akaja likizo, na siku ya kumtoa mtoto nje na kutangaza jina lake ikapangwa. Milembe akawaalika madaktari wale. Hakudhani watakuja, lakini Jumamosi ile wakaja wote watatu kwenye gari la Koku, wamebeba sabuni na doti ya khanga. Ngassa akakimbilia nyuma ya bibi yake, akachungulia. Daktari Bhoke akamsikiliza kifua kwanza kabla hata ya kukaa, kisha ndipo akasema shikamoo kwa bibi. Wakala kuku, wakala michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, Sekela akasifu michembe akaongezewa.

Walipomaliza kunawa, Bibi Nyamizi akasema, "Mkamwana wangu alitoa ahadi mbele yangu. Ahadi iliyotolewa mbele yangu mimi naisimamia. Alisema mtoto atabeba jina la aliyejua Ngassa ana nini. Mimi nilikuwapo, lakini nilikuwa nimeshika mtoto, na mambo yenu ni mengi. Semeni kila mmoja alichofanya."

"Bibi, mpeni yote matatu," akasema Koku, akicheka.

"Kwenye cheti andikeni mnavyopenda. Mimi natafuta jina la kumwitia akiwa uani na mimi niko jikoni. Hilo ni moja."

Wakatazamana. Walikuwa watu wanaopendana, na walikuwa watu wanaojua kazi yao, kwa hiyo hakuna aliyejifanya hakufanya kitu.

Sekela akasema, "Mimi ndiye niliyesema mtoto anacheua wakati hakuna aliyesema. Zahanati walisema nimonia, wengine pumu, wengine kifua kikuu, wengine kimeo, mnisamehe bibi. Mstari wangu ndio uliosema ni maziwa. Daktari Bhoke ni dada yangu mkubwa na amenifundisha mengi, lakini kwa jicho lake peke yake asubuhi ile mlikuwa mmeshafunga mizigo."

"Na nusu ya mstari ilikuwa kufurukuta," akasema Bhoke.

"Nusu. Na nusu ilikuwa ugonjwa wa mtoto huyu. Kama nisingevileta vilima vyote, vya kweli visingejulikana. Mimi ndiye niliyejua kwanza."

Koku akasema, "Alijua, lakini hakuwa na njia ya kutuonyesha kwamba anajua. Mstari ulikuwa umeshakufa, Daktari Bhoke ameuua, naye Sekela mwenyewe amenyamaza. Bibi alikuwa amesimama. Nani aliyemwambia akae?"

"Wewe," akasema Bibi Nyamizi.

"Picha yangu ndiyo iliyotenga maziwa na kufurukuta. Watu wawili walikuwa wanakataana, nikawapa kitu kimoja ambacho wote wawili walikiona. Daktari Bhoke asingerudi kwenye kioo chake kama asingeona pale kwangu kwamba kuna vitu vilimpita."

"Halafu ukampa dawa na miezi sita," akasema Sekela.

"Nikampa. Sikatai. Kwa nilichokuwa nimeona, hilo ndilo lililokuwa sahihi, na kesho nikiona hivyo hivyo nitasema hivyo hivyo."

Bhoke hakusema mpaka bibi alipomgeukia. "Mimi nilikosea mbele yenu wote," akasema. "Vidogo vilinipita, na ningewarudisha nyumbani. Hilo naliweka wazi kwanza. Lakini hawa wawili walishughulika na yanayopanda. Hakuna aliyeuliza yaliposhuka. Ile moja iliyofika kooni ilikuwa kwenye mstari wa Sekela kama kilima kimoja kati ya vilima, na kwenye utepe wa Koku kama mwanga mmoja kati ya mianga. Mimi ndiye niliyeitilia shaka. Na nukta ile ya kwenye pafu kompyuta haikuiona. Bila nukta, daktari wa upasuaji asingenyanyua kisu, na mtoto angeendelea kuzama tukijua kabisa kwamba anacheua." Akamtazama Milembe. "Uliuliza mwanao ana nini. Kucheua wanacheua wengi. Alichokuwa nacho huyu ni maziwa kwenye pafu. Hilo nililiona mimi."

Ngassa alikuwa ametoka nyuma ya bibi yake na sasa anaufungua mkoba wa Koku, na Koku anamwachia.

Milembe alikuwa na mtoto mapajani. Tangu kujifungua alikuwa anayajaribu majina yale peke yake, wakati wa kunyonyesha. Sekela, akasema siku moja, na mtoto akageuza uso. Akasema Koku, na kwa kweli lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Akasema Bhoke, na akajiona akiwa mzee, ana binti mrefu wa maneno machache. Alikuwa amefikiri kwamba siku wenyewe watakaposema, mmoja atajitokeza kuwazidi wengine. Sasa wamesema, na kila aliyesema alipofika mwisho Milembe alikuwa anakubaliana naye. Akamtazama mume wake. Mume akasema, "Nilishakuachia."

Nje majirani walikuwa wamekusanyika. Bibi Nyamizi akanyanyuka, akamchukua mtoto, akamfunika vizuri na ile khanga mpya, akaenda mpaka mlangoni. Akasimama na mguu mmoja ndani, mmoja nje, akageuka.

"Mama Ngassa, nawaambia watu anaitwa nani?"

Milembe akafungua mdomo.

Mimi naishia hapo, wenzangu, maana nilipofika mimi hapo nilikwama, na nimewaletea ninyi. Msinijibu kwa haraka. Atakayesema Sekela, akumbuke nusu ya vilima. Atakayesema Koku, akumbuke miezi sita. Atakayesema Bhoke, akumbuke bibi alivyosimama akajifunga khanga na hakuna aliyemzuia isipokuwa msichana mmoja. Kisha muwakumbuke wote watatu gizani, wamekiinamia kioo kimoja kwa ajili ya mtoto wa fundi cherehani.

Bibi yuko mlangoni na watu wanangoja. Je, ungekuwa wewe ndiye Milembe, ungemwambia mtoto yule anaitwa nani?